Kiendelezi Kisichokaa

Nshamba, Muleba
12 Mei 2024

Shangazi Kokuberwa,

Shikamoo. Mimi na Judica hatujambo. Mtoto ameota meno yote sasa na anamaliza ndizi za watu wazima. Mama mkwe anaumwa mgongo, lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana, anachukua jembe lake anaingia kibanjani. Upepo wa juzi umelaza migomba upande wa barabarani. Kahawa imeanza kuiva. Mume wangu Lwakatare anashinda ghalani kwake Muleba mjini, Jumapili tu ndiyo anakaa nyumbani.

Utashangaa kupata karatasi. Simu yangu inasumbua, tafadhali usinipigie wala usitume ujumbe. Barua nitampa Celina anayekatisha tiketi za basi hapa stendi, naye atamkabidhi kondakta. Ukijibu, pitishia kwake.

Shida yangu ni ya kazi yako. Pale dukani, mbali na kutoa kopi, nawajazia watu maombi ya vyeti na ya mikopo ya wanafunzi mtandaoni. Kuna ukurasa wangu mmoja nataka kuufunga kwa neno la siri, maana kila mtu anakalia kiti changu. Fundi wa printa aliniambia kuna kiendelezi, kile kidude kidogo unachokiongeza kwenye kivinjari, kinafunga ukurasa unaoutaka. Nikakiweka. Kikatokea pale juu na alama yake ya kufuli, nikafurahi. Kesho yake hakipo. Nikakiweka tena, kikapotea tena. Sijakifuta mimi, Shangazi. Hii mashine ina nini?

Samahani kwa mwandiko. Mlango wa gari ulinibana vidole.

Mwanao,
Evelyne


Bukoba
21 Mei 2024

Evelyne mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika ina harufu ya dagaa. Kondakta aliiweka sijui wapi, na nimemwambia maneno ambayo mama yake hakuwahi kumwambia. Mimi mzima. Darasa la kompyuta limejaa, nina wasichana kumi na vijana wanaojiona wanajua kila kitu kwa kuwa wana simu kubwa. Unshomile wote huo, majivuno yote ya usomi, na kuhifadhi faili hawawezi. Baba yako Rweyemamu nilimwona kanisani Kanazi, amenenepa.

Sasa sikiliza. Kwanza, huenda hakijapotea, kimejificha tu. Juu kulia kuna alama kama kipande cha fumbo, ibonyeze, utaona viendelezi vyako vyote. Kikiwemo, bonyeza pini kikae nje. Pili, huenda kuna programu ya usafi, zile ambazo mafundi wa njiani wanazipakia bila kuulizwa. Zinafuta kila kitu kama mfanyakazi wa ndani mwenye hasira. Iondoe. Tatu, angalia kama kivinjari umekifungua kama mgeni. Ukiwa mgeni, ukikifunga kinasahau yote. Fanya moja moja, usirukie, uniandikie ulichokiona.

Ukurasa huo una nini mpaka ufungwe? Na gari gani lililokubana vidole? Lwakatare ana pikipiki.

Shangazi yako,
Kokuberwa


Nshamba
3 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea na mvua za mwishomwisho. Judica alikuwa na mafua, amepona. Mama mkwe amevuna maharage, amekuwekea kidogo, atakutumia akipata mtu.

Nimefanya yote. Kwenye alama ya fumbo hakimo kabisa. Programu ya usafi hakuna. Mgeni si mgeni, naingia kwa akaunti yangu ile ambayo Lwakatare alinifungulia tulipooana, akaninunulia na simu. Nimebadilisha kiendelezi, nikachukua cha kampuni nyingine, nacho kimepotea. Nakiweka asubuhi nikifungua duka, ikifika saa nne au tano nikitazama, pale juu pamebaki peupe. Nimekaa nikikitazama kwa macho yangu, sijagusa kitu, na kikaondoka nikiwa nakitazama.

Kitu kimoja cha ajabu. Jumapili huwa nafungua duka baada ya ibada. Nikikiweka Jumapili kinakaa mpaka jioni. Jumatatu kinaondoka.

Naomba usimwambie baba kuwa tunaandikiana. Si kitu, ni vile tu atauliza maswali.

Evelyne


Bukoba
11 Juni 2024

Evelyne,

Salamu nyingi kwa mama mkwe wako, mwambie maharage yake nayasubiri. Huku tunakohoa vumbi la barabara wanayoichimba. Sina habari nyingine, maana tangu niisome barua yako sijalala vizuri.

Mashine haijui Jumapili, mwanangu. Haiendi kanisani. Anayejua Jumapili ni mtu. Kuna mtu amefungua akaunti yako kwenye kompyuta nyingine. Zikiwa kwenye akaunti moja, kompyuta mbili zinafuatana: kinachowekwa huku kinatokea kule, na kinachofutwa kule kinafutika huku. Mtu huyo akifungua ya kwake asubuhi anakikuta kiendelezi chako, anakifuta. Na kama anaona viendelezi vyako, anaona na kurasa unazofungua.

Ingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu ya usalama, humo kuna orodha ya vifaa. Kila kompyuta iliyofunguliwa kwa jina lako imo, na mahali ilipo. Ukikuta usiyoijua, iondoe hapo hapo na ubadilishe neno la siri. Usimbembeleze mtu. Mshenzi gani anakaa anakuchungulia mtoto wa watu? Kama ni mteja, nitajie jina lake nije nimtie adabu mbele ya stendi nzima.

Hukunijibu habari ya gari. Nimekuuliza, nakuuliza tena.

Kokuberwa


Nshamba
8 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa hakuna habari njema za kuanzia, nisamehe.

Hakukuwa na gari. Vidole alinibana Lwakatare na droo ya meza, kwa sababu chai ilikuwa ya baridi. Ananipiga tangu Judica hajazaliwa. Ule ukurasa una picha zangu. Kila aliponiumiza nilijipiga picha nikaiweka huko, ili siku moja nizipeleke kwa afisa wa ustawi wa jamii. Nilitaka kuufunga asizione. Kumbe alikuwa anaziona zote. Mtu aliyekuwa anajifanya hajui hata kuwasha kompyuta, anayesema ile laptopu ya ghalani ni ya kuangalia mpira!

Niliifungua orodha kama ulivyoniambia. Ilikuwemo, imeandikwa Muleba. Niliijua mara moja. Nikakumbuka ulivyoandika usimbembeleze mtu, nikaiondoa. Nilisikia raha, Shangazi, sikudanganyi. Nilicheka peke yangu dukani.

Mchana ule ule nikasikia pikipiki. Aliwatoa wateja kwa upole, akawaambia duka linafungwa kwa dharura. Akafunga mlango kwa ndani. Akachomoa waya wa printa akaukunja mara mbili. Akanikalisha kwenye kiti changu, akaniambia nifungue picha. Aliniamrisha nizifute moja moja. Nikifuta moja ananipiga pigo moja mgongoni, halafu ananiambia inayofuata. Zilikuwa nyingi. Nilipokataa kufuta ile ambayo nimembeba Judica, alinishika nywele akanipigiza uso kwenye kibodi mpaka vibonye vikaruka. Meno mawili ya mbele sina. Simu aliiweka sakafuni akaiponda kwa nyundo, kisha akanionyesha nyundo akasema unaona.

Nilikimbilia Kanazi na mtoto mgongoni penye vidonda. Baba alinipokea, mke wake akanikanda kwa maji ya moto, nikadhani yamekwisha. Lwakatare akaja na wazee wake, wamebeba kibuyu kikubwa cha pombe ya ndizi, rubisi. Akapiga magoti mbele ya baba. Alilia, Shangazi, machozi kabisa. Baba akaletewa kahawa ya kutafuna, akachukua punje, akampa na yeye, wakatafuna wote wawili huku mimi nimekaa kwenye mkeka mdomo umevimba. Baba akasema mwanaume akipiga goti yamekwisha, na kwamba mimi nami nimezidi kwa mambo ya mtandao. Nikarudishwa.

Sasa sheria yake ni hii. Amenilazimisha nimrudishe kwenye akaunti. Kila asubuhi lazima nikiweke kile kiendelezi, na yeye alipo anakifuta. Anasema akikiona anajua niko kwenye kiti changu. Anasema siku asipokiona atakuja kunimaliza. Analisema hili akiwa anakula, bila hasira. Mwisho wa mwezi anakwenda Karagwe kununua kahawa, anabeba laptopu. Mama mkwe atakuwa anapigiwa simu kila siku kuulizwa niko wapi.

Sijui unijibu nini. Nilitaka mtu mmoja ajue.

Evelyne


Bukoba
15 Julai 2024

Mwanangu,

Mawe! Mama yangu! Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Ungeniambia tangu Mei nisingekuandikia uiondoe. Nilidhani ni mteja. Nimekupeleka kwenye nyundo kwa mkono wangu, na hilo nitalibeba, sitakuchosha nalo hapa.

Juzi nilikwenda Kanazi. Nilimkuta baba yako uani na wazee wenzake, wanamalizia rubisi ya posa ya meno yako. Nilikipiga teke kile kibuyu, kikapasuka kwenye jiwe. Kaka yangu akasimama kuniuliza kama nina wazimu. Nikampiga kibao mbele yao wote, Evelyne. Mimi, mdogo wake, mwanamke. Wazee wakasema nimeleta laana. Nikawaambia laana wameinywa wenyewe, wameitafunia na kahawa. Nilikusindikiza mimi kwa Lwakatare siku ya harusi, nikakuingiza ndani kwa mkono huu huu, na ni kazi ya shangazi kukutoa.

Soma kwa makini, kisha choma.

Nimezungumza na Sista Restituta wa kanisani. Ana nyumba ya kukupokea wewe na mtoto, mbali. Celina atakupandisha basi la asubuhi siku Lwakatare akishafika Karagwe. Lakini lazima yule mnyama aendelee kuamini uko kwenye kiti, angalau mpaka nyayo zako zipoe njiani.

Niandikie neno la siri la akaunti, umpe Celina. Nitaifungua hapa darasani. Itakuja arifa kwenye kompyuta yako kukuuliza kama ni wewe, ikubali halafu uifute. Tangu siku utakayoondoka, kila asubuhi kile kiendelezi nitakiweka mimi. Yeye atakiona, atakifuta, atafurahi kuwa amekupiga kibao bila kuja, atakwenda kupima kahawa yake. Kompyuta yangu itatokea kwenye orodha na itaandikwa Bukoba. Kwa sasa anatazama kilichowekwa, hatazami kimewekwa wapi. Akija kutazama, hilo ni langu.

Kinachonitisha ni simu za mama mkwe wako. Hapo sina hila. Fikiria wewe, wewe ndiye unayemjua.

Usibebe nguo. Beba mtoto na kadi yake ya kliniki.

Shangazi yako


Nshamba
29 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, Celina ananisubiri.

Neno la siri umelipata, na arifa nimeifuta. Lwakatare amefika Karagwe, leo amenifuta kama kawaida saa nne.

Habari ya mama mkwe. Nilimwambia. Sikuwa na namna nyingine, na nilikuwa nimejiandaa apige kelele. Aliendelea kumenya ndizi. Akamaliza mkungu mzima, mimi nimesimama tu. Kisha akafungua kitambaa chake kichwani, akanionyesha kovu limetoka sikioni mpaka kisogoni. Akasema, "Baba yake alitumia muhoro. Huyu alikuwa mgongoni kwangu, anaangalia." Muhoro ule ule wa kukatia majani ya migomba. Akafunga kitambaa chake. Akasema akipigiwa simu atajibu niko dukani, na kwamba amewahi kumdanganya polisi kwa ajili ya mume, hashindwi kumdanganya mtoto.

Judica anauliza kama tutaliona treni. Sijui tunakokwenda kama kuna treni.

Kesho asubuhi kiweke wewe.

Evelyne


Bukoba
22 Septemba 2024

Evelyne mwanangu,

Barua hii inaletwa na Sista Restituta, na yeye peke yake ndiye anayejua anaileta wapi. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko. Mama mkwe wako anakusalimu. Yuko kwake, mzima, ametuma maharage hatimaye.

Nilikiweka kila asubuhi. Nikiingia darasani kabla ya wanafunzi, nakiweka, naona kile kikufuli, nakaa na chai yangu. Ikifika saa nne kinaondoka. Nilikuwa nakiona kikiondoka nasema ahaa, bado uko Karagwe, nguruwe wewe. Nilizoea mpaka nikawa nafurahi. Agosti ikapita hivyo, siku baada ya siku.

Halafu Ijumaa moja kikakaa.

Nilikiweka kama kawaida. Saa nne ikafika, kipo. Saa tano, kipo. Nikaibonyeza alama ya fumbo nikidhani macho yangu. Kipo. Wewe ulilia kiendelezi hicho kikae, na mimi siku kilipokaa nilikiomba kiondoke. Niliipigia namba ya mama mkwe wako. Akaniambia Lwakatare hajapiga simu asubuhi hiyo.

Nikajua amekwishaiona Bukoba kwenye orodha.

Utauliza kwa nini sikukimbia. Nilikuwa na muda wa kukimbia, Karagwe si hapo. Lakini nikikimbia ataanza kutafuta upya, atakwenda Kanazi, atakwenda kwa masista, atamkamata Celina stendi. Nilitaka aje kwangu. Nilitaka njia yake yote iishie kwenye mlango wangu. Niliwaambia wanafunzi waende nyumbani, leo mwalimu anaumwa. Nikaacha mlango wazi.

Alikuja mchana, jua kali, soko limejaa. Alinisalimu! Shikamoo Shangazi, hivyo hivyo, amevaa shati la kanisani, na panga limefungwa kwenye gunia la kahawa. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia sijui. Akapasua kompyuta ya kwanza, akauliza tena. Sijui. Alizipasua zote kwa mstari, kila moja na swali lake, na vioo vikawa vinanirukia usoni. Zilipokwisha akabaki na mimi. Niliinua mkono wa kulia kulikinga panga. Vidole vitatu vilibaki mezani, Evelyne, nilivitazama nikaona kama vya mtu mwingine. Ndipo nilipolikumbatia lile taipureta langu la chuma, la enzi zangu za ukarani, sijui nililiinua vipi, nikamwachia gotini. Goti lilipovunjika nilisikia. Alilia kwa sauti ile ile ambayo nadhani alimlilia baba yako.

Watu wa sokoni wakaingia. Walimburuza mpaka barabarani, wakampiga mawe na magongo, mmoja akaleta tairi. Wakanigeukia mimi mlangoni nikiwa navuja damu, wanasubiri niseme neno. Sikusema acheni. Sikusema chomeni pia. Nilitaka afe, sitakuficha, nilitaka nimwone anakufa. Polisi ndio waliomwokoa.

Yuko mahabusu, goti limefungwa. Lakini sikiliza kilichofuata. Wazee wake wameanza kuzunguka na vibuyu. Wamekwenda Kanazi. Baba yako alikuja kunitazama hospitali, akaweka ndizi kando ya kitanda, akauliza hali yangu, halafu akauliza wewe uko wapi, ili mambo yamalizwe kifamilia. Aliuliza kwa upole kabisa, na nilijiona nikitaka kumjibu, maana ni kaka yangu na alikuwa analia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Panga sikulijibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Ningekuwa nalo, sijui.

Siku moja Lwakatare atatoka. Atakuja kwangu kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, nimemwambia Sista Restituta asinitajie mkoa. Asiniambie kama kuna ziwa au mlima, wala kama Judica ameliona treni. Akaunti ile nimeifunga kwa simu ya jirani, usiifungue tena. Fungua mpya, kwa jina lolote, na neno la siri asilijue mtu, hata mchungaji, hata mimi.

Nakupenda kuliko nilivyowahi kukuonyesha. Kula vizuri, tengeneza meno, mlee mtoto.

Usinijibu.

Kokuberwa